Sehemu ya 6: Barua pepe kwenye kioo cheusi

Mama zangu na baba zangu wa hapa, leo tunaacha kidogo habari za nepi na uji wa lishe. Wengi mmeuliza kwa nini kompyuta yangu huonyesha maandishi matupu kwenye kioo cheusi. Ile ni Mutt, programu ya barua pepe isiyo na picha wala vitufe vya kubofya, unaandika amri tu. Ipo tangu 1995. Kompyuta yangu ni kuukuu, nikifungua Gmail kwenye tovuti inavuma kama feni ya wodini. Mutt inafunguka kabla sijamaliza mwayo wa zamu ya usiku, na bando haliishi.

Mei 30, 2022 Google waliacha kuzipokea programu za nje zinazoingia kwa jina na nywila peke yake. Unaandika nywila sahihi kabisa, unakataliwa! Watu walinung'unika sana. Mimi, jamani, niko upande wa Google kwenye hili. Humo ndani nina nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, majibu ya vipimo vyake, risiti za ada. Nywila moja tu isitoshe kuyafungua yote hayo.

Mutt bado inafanya kazi. Unawasha kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, ndipo unaweza kutengeneza nywila ya programu, herufi 16, ukaipa Mutt. Inaonyeshwa mara moja tu. Kompyuta ikiibwa, unaingia kwenye akaunti kwa simu unaifuta hiyo moja, basi. Ila ukibadilisha nywila yako kubwa, hizi ndogo zinakufa zote, kwa hiyo usishangae Mutt ikigoma.

Lakini sikilizeni: nywila hii haiulizi hatua ya pili. Atakayeiona anasoma barua zako. Usiiache wazi kwenye faili la mipangilio, maana kompyuta za nyumbani hushikwa na watoto, wageni na mafundi. Yangu iko kwenye faili lililofungwa kwa GPG, nalifungua kwa neno lililo kichwani mwangu.

Kinachonitia hofu zaidi ni simu. Mama mmoja ninayefanya naye kazi aliibiwa ya kwake kwenye daladala. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini, laini iko kwa mwizi, na mtoto ana rufaa kesho yake asubuhi, karatasi zote ziko kwenye barua pepe. Alilia pale mapokezi, na mtoto mgongoni.

Google wanakupa namba 10 za akiba, kila moja hutumika mara moja. Ziandike kwenye karatasi leo hii. Usiziweke kwenye mkoba wa kliniki! Mkoba na simu huibwa pamoja. Zangu ziko kabatini, ndani ya bahasha ya vyeti, na baba watoto anajua zilipo.

Sehemu ya 7 ni chanjo ya surua, miezi 9 na miezi 18. Njooni na kadi mkononi.