Jahazi la Babu Safarini Matondoni

Basi la Lamu huondoka Mombasa alfajiri, na atakayelala usingizi njiani hukosa sehemu nzuri. Mimi sikulala. Nilitaka kuuona Mto Tana pale Garsen, halafu mashamba ya Witu, halafu mikoko inayokuarifu kwamba bahari imerudi. Barabara huishia gatini Mokowe. Kutoka hapo ni boti, na dakika chache baadaye mji wote umejipanga mbele yako: mapaa ya makuti, nyumba za mawe ya matumbawe, na punda wakishusha mizigo ambayo kwingine ingebebwa na lori.

Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huja kuangalia milango ya nakshi. Mimi nilikuja na sanduku. Ndani yake mlikuwa na jahazi la mbao lenye urefu wa mkono, kumbukumbu ya marehemu babu, na ubavuni mwake milia ya gundi ya rangi ya hudhurungi kuanzia omo hadi tezi. Kampuni moja ya vifurushi ilikuwa imelifunga kwa tepu ya plastiki, tena juu ya rangi yenyewe, kisha likakaa stoo msimu mzima wa kaskazi. Plastiki ilibanduka, gundi ikakataa kuondoka. Niliambiwa wanaojua dawa yake wako Matondoni, kijiji cha waunda vyombo upande wa pili wa kisiwa.

Kwenda Matondoni kwa boti kunategemea maji. Yakipwa, mkondo huwa matope na nahodha hakusikilizi hata ukimwongezea nauli. Tulingoja yajae.

Nilimkuta fundi chini ya banda la makuti, kando ya mashua iliyokuwa bado mataruma matupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nilione."

Alikwaruza gundi kwa ukucha, akanusa kidole, kisha akauliza kama kuna mtu ameshapaka petroli au thina. Nilipomwambia hakuna, uso ulimkunjuka. Thina hulainisha gundi na rangi ya mafuta kwa pamoja, kwa hiyo unachofuta ni tope la vyote viwili. Msasa nao hula rangi ya pembeni kabla haujafika kwenye gundi.

Kazi aliyoifanya ilikuwa ya polepole mno, na nakiri ilinichosha kuitazama. Sehemu zilizokuwa bado zinanata alizisugua kwa ncha ya kidole hadi gundi ikajiviringisha na kutoka vipandevipande. Nyingine alizibandikia kipande cha tepu mpya na kukinyanyua haraka, mara kwa mara, gundi kwa gundi zikafuatana. Sehemu zilizokauka zikawa ngumu alizipaka mafuta ya nazi, akafunika kwa kitambaa, akarudi kwenye mashua yake. Gundi nyingi za tepu zina asili ya mpira. Joto huzilainisha zikazama kwenye rangi, kisha hewa na jua huzikausha, ila mafuta huweza kuzilegeza tena. Baadaye alifuta kwa kijiti cha mbao kilichochongwa bapa, si kisu. Doa moja lililogoma lilipata tone la mafuta ya taa kwenye pamba, baada ya kujaribiwa kwanza chini ya mkuku ambako hakuna macho. Mwisho maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa sababu mafuta yakibaki, vanishi haitashika.

Kisha akanionyesha jinsi ya kulizuia tatizo lenyewe. Majahazi halisi hupakwa shahamu na chokaa chini ya mstari wa maji, ndiyo maana na madogo huachiwa tumbo jeupe. Mstari huo unahitaji tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi wa magari. Ndio waliofanya ibuniwe mwaka 1925: Richard Drew wa kampuni ya 3M, huko Minnesota, Marekani, alikuwa amewaona wakihangaika kupaka magari ya rangi mbili, kila walichobandika kikiondoka na rangi. Hata hiyo, fundi huibandika kwanza kwenye nguo yake ili kuipunguzia ukali. Rangi ya chini ameiacha ikauke siku kadhaa. Ukingo wa tepu huupitishia rangi nyembamba ileile ya chini, ili ya juu isipenye. Na haisubiri rangi ya juu ikauke kabisa: ikiwa bado inashika kidole, huikunja tepu nyuma juu ya yenyewe na kuivuta taratibu, kivulini. Tepu iliyolala juani ndiyo inayoacha milia.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi ulipo. Kusafisha anaweza yeyote mwenye subira, lakini kujua saa ya kubandua kunataka mkono uliozoea.

Basi msomaji, ukimnunulia mwanao rangi ya kupaka chombo chake, nunua na tepu mpya ya karatasi siku hiyohiyo. Iliyokaa mwaka mzima juu ya kabati huenda imeshaharibika gundi, hata kama haijafunguliwa.