Ratiba ya Mtu wa YouTube Ilinishinda Siku Nne

Hebu niwaambie kitu cha aibu. Mimi, mtoto wa Kuze, mji wa Muyaka huu, KCSE ya Kiswahili nilipata C+. Chekeni tu, mumalize.

Nyumbani twasema mato, mtihani wataka macho. Twasema yeo, wao wataka leo. Nilidhani lugha ya mama haisomwi. Nikaingia mtihani kifua mbele, nikatoka na C+ yangu.

Sasa hiyo C+ imekuja kunidai. Ukitaka kusoma sheria chuo kikuu hapa Kenya, unatakiwa uwe na C+ ya jumla, na B ya Kiswahili au Kiingereza. Jumla ninayo. Hizo B mbili sina hata moja.

Ndio, mimi ndiye yule aliyeacha chuo. Biashara niliiacha mhula wa tatu na sijutii sana. Lakini mwaka jana ilikuja barua ya wakili kuhusu nyumba ya bibi. Kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Akanipa: "Nisomee, mwanangu." Nikasoma mara mbili, wallahi sikujua kama tunafukuzwa au tunaombwa saini. Bibi akanitazama, akajua sijui. Akaikunja barua polepole, akaiweka chini ya godoro.

Siku ile ndo niliamua. Novemba narudia mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutafuta ratiba YouTube. Jamaa mmoja anaamka saa kumi usiku, anasoma saa kumi na mbili kwa siku. Nikainakili yote kwa kalamu za rangi, nikabandika ukutani. Siku ya nne nikalala juu ya kitabu. Yani huyo jamaa hapigi vidio za harusi. Mimi harusi ya Mji wa Kale ikiisha mapema ni saa sita usiku, na bado kuna kuhariri.

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yetu, akaniambia: "Wewe wapanga saa na hujui unaumwa wapi." Akanipa mtihani wa zamani, nikaufanya, akasahihisha. Insha 27 kwa 40. Lugha 41 kwa 80. Fasihi 22 kwa 80. Jumla 90 kwa 200.

Na mimi kila siku nilikuwa naandika insha! Kwa nini? Kwa sababu naipenda. Hata ningepata insha yote, ningeongeza alama 13 tu. Kwenye fasihi nimeacha 58 chini.

Tena vitabu nilivyosoma shuleni, Kigogo na Chozi la Heri, havitahiniwi tena. Sasa ni Bembea ya Maisha, Nguu za Jadi na Mapambazuko ya Machweo. Yani nilikuwa najiona narudia, kumbe naanza.

Kwa hivyo ratiba yangu ni hii. Nikishaswali alfajiri, saa mbili tu, bibi akikaanga mahamri na hakuna anayeniita. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, fasihi. Jumanne na Alhamisi, lugha, hasa sarufi. Jumamosi karatasi moja nzima kwa kupima saa, simu iko kwa bibi. Jumapili nalala. Masomo mengine nayapa saa moja kila siku baada ya alasiri. Nikiwa na harusi usiku, asubuhi yake nasoma nusu saa na sijilaumu.

Haipendezi ukutani, lakini nimeifuata wiki sita. Juzi fasihi nimepata 39. Bado B iko mbali, sitawadanganya.

Kama na wewe unapanga ratiba ya mtihani wowote, usianze na saa ya kuamka. Fanya mtihani mmoja wa zamani, upate aibu yako mapema, kisha utazame alama zako zimemwagika wapi. Halafu uliza nyumba yenu inakupa saa gani za utulivu. Ratiba ya mtu mwingine ilishonwa kwa kipimo chake.

Barua bado iko chini ya godoro. Tumempata wa kutusomea, na mambo yanaendelea. Lakini bibi hataki kuiondoa pale. Asema ananingoja mimi.