Mji Kasoro Bahari, Lakini Hekalu Lipo!

Vijana wengi wa Dar tunaijua Morogoro ya Msamvu tu. Basi linasimama, mnachimba dawa, mnanunua karanga, safari ya Iringa au Dodoma inaendelea. Siku hizi hata Msamvu yenyewe wengine hawaioni, maana treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 inakushusha Moro kabla usingizi haujakolea. Ile milima ya Uluguru inabaki kuwa pambo la nyuma ya picha. Msomaji wangu, leo inua kichwa uitazame vizuri.

Ukitaja sanaa ya milimani na nyumba za ibada, watu hukimbilia Himalaya. Wenzetu kweli wanayo. Kule Manali, India, lipo hekalu la Hadimba lililojengwa mwaka 1553, mbao zimechongwa kwelikweli, na limezungukwa na msitu wa mierezi. Basi mtu anauliza: Waluguru nao wana nini? Mbona jengo hatulioni?

Mimi nasema hekalu wanalo, ila halikujengwa na fundi.

Upande wa mashariki wa milima, maeneo ya Kolero, kuna pango la Kolelo. Zamani watu walitoka mbali, hadi Uzaramo, kwenda kuomba mvua huko. Na siyo mvua tu. Mwaka 1905, wakati wa vita vya Maji Maji, ulienea Uzaramo ujumbe kwa jina la Kolelo kwamba watu wasilipe kodi ya Mjerumani. Pango halina mnara wala kengele, lakini sauti yake ilifika karibu na pwani!

Mbali na pango, kila ukoo ulikuwa na mahali pake pa tambiko: chini ya miti mikubwa, kwenye makaburi ya wazee. Na ukoo kwa Mluguru unafuata upande wa mama. Ardhi nayo hivyo hivyo. Kina kaka mnaotamba mjini, hapo mpo?

Ndiyo maana hata sanaa yao inamtazama mwanamke. Kuna kinyago kidogo kinaitwa mwana hiti, ambacho Waluguru wanacho pamoja na jirani zao Wakwere na Wazaramo. Kiwiliwili kama kigogo, mikono hakuna, miguu hakuna, kichwani nywele zimegawanyika mafungu mawili. Mwali akiwekwa ndani alipewa akilee kama mtoto: akioshe, akipake mafuta. Sura hiyo hiyo utaikuta juu ya fimbo, viti na hata zeze. Leo ukitaka kuona vingi vya zamani, panda ndege. Vimejaa kwenye makumbusho ya Ulaya.

Kinyago kikiondoka, angalau kinaweza kurudishwa. Lakini msitu je? Hapo ndipo roho inaniuma. Hadimba likipata ufa ataitwa seremala. Msitu wa tambiko ukishakatwa ukawa shamba, utamwita nani?

Niliwahi kumuuliza babu mmoja wa Kiluguru kwa nini wazee walikataza kukata miti ya tambiko. Akanitazama weee, kisha akasema, "Mjukuu wangu, wewe msikitini unaingia na shoka?" Nikakosa jibu.

Usidhani haya ni mambo ya wazee wa bush tu. Mto Ruvu unapata maji yake Uluguru, na Dar inakunywa Ruvu. Serikali iliutangaza msitu wa juu kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008. Safi sana, ila wazee walishaweka ulinzi wao siku nyingi, bila bunduki wala geti.

Kwa hiyo wikiendi ukifika mji kasoro bahari, usiishie kwenye nyama choma. Panda mpaka Morningside, ni mwendo wa miguu kutoka mjini. Ukiona kichaka cha miti mikubwa kimeachwa peke yake katikati ya mashamba, usiingie hovyo. Uliza kwanza wenyeji.

Tukutane wiki ijayo!