Bahari ya Chungu

Wazee wa pwani walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Chungu ni yule mdudu mdogo, jamaa wa siafu, na kifuu ni gamba gumu la nazi iliyokwisha kukunwa. Maji yasiyotosha kukata kiu ya mtoto yanamtosha mdudu huyu kuogelea, na yanamtosha kuzama. Methali hiyo niliijua tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na darasani nimeifundisha mara nyingi. Lakini sikuielewa barabara mpaka siku nilipojaribu kuleta bahari nyumbani kwangu Gachoka, ndani ya tangi la kioo la lita 100.

Gachoka ni nchi kavu ya Mbeere, upande wa chini wa Embu. Mvua zake ni haba, na safari ya kwenda Mombasa kwa barabara ni ya kilomita 600 hivi. Wengi wa wanafunzi wangu hawajaiona bahari ila katika picha. Kwa hiyo, likizo moja nilipokuwa pwani, nilitamani kuwaletea sehemu yake. Nilirudi na mitungi mitano ya maji ya chumvi, kila mtungi lita 20, na samaki wanne wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, waliofungwa ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Niliwaalika wanafunzi waje Jumamosi kuwatazama, wakaja na madaftari yao.

Sharti nieleze jinsi nilivyochagua chombo cha kuyasafisha maji yale, maana katika uchaguzi huo ndimo lilimokaa kosa langu. Sisi watu wa nchi kavu tunaijua kazi ya kuchuja maji. Nilipokuwa mtoto, mito yetu ya msimu ilipokauka, nyanya yangu alikuwa akifukua shimo katika mchanga wa mto, akayachota maji ya kwanza na kuyamwaga, kisha akangoja. Maji yaliyoingia baadaye yalikuwa maangavu kiasi cha kuonyesha kitako cha kibuyu. Mchanga ulikuwa umeyachuja. Huko pwani nako nilimwona mama mmoja akikamua tui kwa kifumbu: machicha yakabaki ndani, tui likapita jeupe. Basi nilijenga akilini mwangu kanuni moja, kwamba kuchuja ni kuzuia uchafu usipite, na kwamba alama ya maji safi ni uangavu wake.

Kwa kanuni hiyo nilinunua mtungi wa kuchujia uliofungwa pande zote, wenye pampu ya umeme na matabaka ya pamba ndani yake. Maji yalivutwa kwa bomba moja, yakapita katika pamba, yakarudi kwa bomba la pili. Jioni ya kwanza maji yaling'aa kama hewa. Nilijisifu moyoni. Siku ya nne samaki walianza kuhema upesi upesi karibu na uso wa maji. Siku ya sita wawili walikuwa wamekufa, na Jumamosi wanafunzi walipokuja tena walimkuta mmoja tu, naye amelala ubavu. Alikufa mbele yetu.

Msichana mmoja aliyekuwa akiandika kila jambo aliinua uso akaniuliza, "Mwalimu, maji ni safi, mbona wamekufa?"

Sikujua. Lakini ni vigumu kwa mwalimu kusema hajui mbele ya macho kumi na mawili yanayomtazama. Nikajibu kwamba samaki walikuwa wamechoka kwa safari ndefu. Yule msichana aliinamisha kichwa akaandika: "Walikufa kwa uchovu wa safari." Neno lile liliingia daftarini kama ukweli kwa sababu nililitamka mimi.

Usiku ule sikulala vizuri, na siku zilizofuata nilisoma. Niliyoyapata ndiyo haya. Samaki anapokula, mwili wake hutoa sumu iitwayo amonia, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hutoka kwa njia ya mashavu yake. Chakula kilichobaki na kinyesi navyo huoza vikatoa amonia ile ile. Sumu hii haina rangi, na pamba haiwezi kuizuia, kama kifumbu kisivyoweza kuzuia chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika tui. Tena katika maji ya bahari, ambayo tabia yake ni ya magadi kidogo kuliko maji mengi ya mito, amonia hudhuru zaidi. Bahari kuu haijali, kwa kuwa maji yake hayana mwisho. Lakini katika lita 100 samaki wanne hujitilia sumu wenyewe kwa siku chache. Hiyo ndiyo bahari ya chungu: pana ya kutosha kuogelea, ndogo ya kutosha kuzama.

Je, ni nani huondoa sumu hiyo? Huondolewa na bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mwaka 1890 mwanasayansi Mrusi aliyeitwa Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, alidhihirisha kwamba wako bakteria wanaojipatia nguvu za kuishi kwa kuigeuza amonia. Jamii moja huigeuza iwe nitriti, ambayo nayo ni sumu. Jamii nyingine huigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo ubaya wake ni mdogo kwa mbali. Viumbe hawa huishi wameshikamana na kitu kigumu: jiwe, mchanga, kioo, au sifongo. Wanahitaji hewa ya oksijeni, nao huongezeka polepole. Katika tangi jipya hupita kwa kawaida wiki nne hadi sita kabla hawajatosha kazi. Mchanga wa mto wa nyanya yangu una viumbe wa namna hiyo pia. Mimi niliuona mchanga, sikuwaona wafanyakazi.

Kumbe nilinunua nyumba isiyo na wenyeji. Mtungi wangu ulikuwa mpya, pamba yake mpya, na ndani yake hapakuwa na bakteria wa kutosha kuihudumia hata nusu ya samaki wale. Niliwaua kwa haraka, na safari sikuitendea haki kwa kuisingizia.

Nilipoanza upya nilizipima njia tatu, na huenda kupima kwangu kukamfaa msomaji mwenye nia kama yangu. Ya kwanza ilikuwa ule mtungi uliofungwa. Sifa yake ni kwamba huchukua uchafu mwingi na kuyafanya maji maangavu. Aibu yake niliigundua umeme ulipokatika usiku kucha. Ni ajabu kusema hivyo katika nchi ya Mbeere, ambayo mto Tana unaipakana na mabwawa yake yanatoa umeme: Kindaruma tangu mwaka 1968, Kamburu tangu 1974, na Kiambere tangu 1988. Lakini mkondo unaopita juu ya paa si lazima uwe mkondo unaofika sebuleni. Asubuhi nilipoufungua mtungi, nilipokewa na harufu ya mayai mabovu. Maji yaliyosimama ndani yalikuwa yameishiwa oksijeni, bakteria wema wamekufa, na vijidudu vya kuozesha vimeshika mahali pao. Kama umeme ungalirudi nisijue, pampu ingaliimwaga sumu yote tangini.

Ya pili ilikuwa mtambo wa povu. Huu hupuliza mapovu madogo madogo katika nguzo ya maji. Uchafu ulioyeyuka hunata katika ngozi ya mapovu, ukapanda nayo juu, ukamwagika katika kikombe. Aliyetembea ufukoni siku ya upepo ameliona povu la bahari likikusanyika juu ya mchanga. Kazi ni ile ile. Mtambo huu hufaa katika maji ya chumvi kuliko maji baridi, kwa sababu katika maji baridi mapovu huwa makubwa na hupasuka upesi. Uzuri wake ni kuondoa uchafu kabla haujaoza. Hata hivyo bei yake ilinitisha, hutaka umeme mchana na usiku, na wala haujazi nafasi ya bakteria. Kwa samaki wengi ningaliukopea fedha; kwa samaki wawili niliona si lazima.

Ya tatu ilikuwa ya kimaskini kwa sura: mawe yenye matundu, na sifongo inayopitishwa maji kwa nguvu ya pampu ndogo ya hewa. Mwaka 1961 mfugaji wa samaki wa Jakarta aliyeitwa Lee Chin Eng alieleza jinsi alivyowafuga samaki wa bahari kwa mawe hai kutoka mwambani na mapovu ya hewa. Lakini mawe hai sikuyataka. Katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuchukua hata kombe, na hata nje ya hifadhi, kuvunja mwamba hai ni kubomoa nyumba ya samaki mia ili kumjengea mmoja. Nilitumia vipande vikavu vya jiwe la matumbawe ya kale, lile lichimbwalo nchi kavu na lililojenga nyumba za Waswahili tangu zamani. Jiwe hilo limejaa vitundu, na kila kitundu ni chumba cha bakteria. Pampu ya hewa nayo hutumia umeme mdogo sana, hata betri inayojazwa kwa jua yaweza kuiendesha usiku kucha. Tena sifongo iko wazi ndani ya tangi, haina mahali pa kufungia maji yakaoza.

Nikachagua ya tatu. Sikuichagua kwa kuwa ni bora kuliko zote duniani. Niliichagua kwa kuwa ndiyo niliyoweza kuitunza Gachoka, kwa mshahara wangu na kwa umeme wetu.

Nilitia mawe, nikaanzisha hewa, nikatumbukiza kipande cha kamba aliyekufa ili aoze na kuwalisha bakteria. Samaki sikuweka. Kila Jumamosi wanafunzi walipima maji kwa matone ya dawa yanayobadili rangi. Kwanza amonia ilipanda. Kisha ikashuka, na nitriti ikapanda. Wiki zikapita, na mtu aliyetuona angalitucheka, watu saba wamelizunguka tangi lisilo na samaki. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, hayakupendeza kama yale ya kwanza. Lakini siku ya 38 amonia na nitriti zote mbili hazikuonekana tena katika kipimo, na nitrati ilionekana. Wafanyakazi walikuwa wamehamia nyumbani.

Baadaye nilileta samaki wawili tu. Tulijifunza na mengine: kwamba sifongo haisuguliwi kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa kuwa klorini huua bakteria, bali hukamuliwa katika maji yaliyotolewa tangini, kwamba maji yakipungua kwa jua la Mbeere huongezwa maji yasiyo na chumvi, kwa maana chumvi haiendi na mvuke, na kwamba hakuna chujio linalomwondolea mwenye nyumba wajibu wa kubadili sehemu ya maji, maana nitrati huzidi kujilimbikiza. Kwa hiyo hununua chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nikaichanganya kwa gramu 35 hivi katika kila lita. Chumvi ya jikoni pekee haifai, kwa kuwa bahari ina madini mengine mengi.

Jumamosi ile walipoingia samaki wapya, nilimwomba yule msichana afungue daftari lake nyuma, mahali alipoandika juu ya uchovu wa safari. Nilimwambia kwamba maneno yale hayakuwa kweli, na kwamba niliyasema kwa sababu niliona haya kukiri kuwa sijui. Chumba kilinyamaza, sauti ya mapovu tu ndiyo iliyosikika. Alinitazama kidogo, kisha akauliza kwa adabu, "Basi tuandike nini, Mwalimu?"

Nikamwambia apige mstari juu ya sentensi ile, asiifute, ili mtu asome lililokuwapo, na chini yake aandike: "Walikufa kwa amonia. Siku ile mwalimu hakujua." Aliandika. Wenzake nao wakafungua madaftari yao, wakaandika vivyo hivyo, kila mmoja kwa mwandiko wake.

Ndugu msomaji, samaki wale wawili wangali hai ninapoandika haya. Maji yao yana ukungu kidogo siku nyingine, na wageni huniuliza kwa nini sinunui mtambo wa kuyang'arisha. Huwaonyesha vipande vya mawe ya matumbawe chini ya tangi, nikawaambia kwamba chujio ni lile pale, nalo lilichukua siku 38 kutengenezwa.