Koti la Studio

Wiki moja baada ya Pasaka walibomoa jengo la mawe lililokuwa kwenye kichochoro kinachotokea Kimathi Way, hapa Nyeri mjini. Nilipita hapo nimemshika mkono mjukuu wangu wa miaka tisa. Tingatinga lilikuwa limeshaangusha upande wa barabarani, na kule ndani ulibaki ukuta mmoja umesimama peke yake, rangi ya samawati iliyochujuka. Niliujua mara moja. Ndio ukuta tuliokuwa tukiupa mgongo tukipigwa picha za pasipoti.

Mtoto akauliza ni nyumba ya nani. Nikamwambia ilikuwa ya mzee mpiga picha, na kwamba alifunga kazi wakati wa kafyu asifungue tena.

"Ile kafyu ya korona?"

"Ndiyo, hiyo."

"Kwani kulikuwa na ingine, shosho?"

Sikumjibu pale. Swali lilinichoma. Huyu amezaliwa hapa chini ya mlima, ni kitukuu cha mwanamke aliyechimba handaki kando ya msitu wa Nyandarua kwa kulazimishwa, na anadhani kafyu ilishuka na ndege pamoja na ugonjwa. Kosa si lake. Shuleni anakaririshwa majina ya mashujaa. Hakuna anayemweleza jinsi jioni inavyokuwa mahali ambapo ukionekana nje ya mlango wako unaweza kufa.

Nianze na mzee wa picha, kwa sababu kwake ndiko tulikopita wote.

Mara ya kwanza nilikwenda pale 1976, nikitafuta picha za kuombea chuo cha ualimu. Ukisukuma mlango, kabla macho hayajazoea giza, pua ilikuwa imeshajua uko wapi: harufu kali kama siki, ya dawa za kusafishia picha, imechanganyika na ya mafuta ya nywele. Ukutani palikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, na chanuo limefungwa kwa kamba ili lisiibwe. Kulikuwa na pazia lililochorwa Mlima Kenya wenye theluji nyingi kuliko iliyobaki leo, na juu ya theluji ndege imenyanyua pua kuelekea kona ya pazia. Hilo lilikuwa la picha za starehe. Ya pasipoti ulipigiwa kwenye ukuta wa samawati, bila tabasamu.

Na msumarini lilining'inia koti. Koti jeusi la kiume, kifungo cha katikati hakipo, bitana imeshonwa upya kwa uzi mweupe. Aliyekuja bila koti alivalishwa hilo. Aliyekuwa mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo, mbele likaonekana limemkaa sawasawa. Nimeona picha nyingi sana za vijana wetu waliokwenda India, Uingereza na Marekani miaka ya themanini na tisini, wa Othaya, wa Mukurweini, wa Karatina, na naapa koti ni lile lile moja. Wazazi wao waliuza ng'ombe na kutoa bonasi ya kahawa ili wafike; koti walipewa bure.

Nyuma ya kila picha mzee aliandika kwa penseli jina la mtu na aendako. Pune. Baroda. Texas. London. Ilipokuja bahati nasibu ya viza za Marekani, zilikuja familia nzima, mama, baba na watoto wanne, wanakaa foleni kwenye benchi hadi nje kichochoroni, na yeye anamfuta kila mtoto uso kwa kitambaa chake mwenyewe. Picha zisizochukuliwa alizitia kwenye mkebe wa biskuti. Nilimuuliza kwa nini hazitupi. Alisema asiyerudi kuchukua picha ama amefika ama amekata tamaa, na kwa kuwa yeye hajui ni lipi, hawezi kumtupa mtu.

Leo kazi hiyo inafanywa na simu. Unapiga picha sebuleni, programu inakufutia pazia nyuma na kukuwekea nyeupe, unaituma, na kompyuta isiyokujua inakukataa bila kukueleza sababu huku pesa zako zimeshaliwa. Hakuna wa kukufuta uso. Inaniudhi kuona watoto wetu wakikataliwa hivyo, mara mbili, mara tatu, na kila mara wakidhani ubaya uko kwao.

Mama yangu alifika studio ile mara moja tu, vitambulisho vilipobadilishwa kuwa vya kizazi cha pili. Alivaa leso mpya. Alipokalishwa kwenye stuli alishika magoti kwa mikono miwili, akamtazama mzee badala ya kutazama kamera, akauliza, "Picha hii ni ya kwenda wapi?"

"Ni ya kubaki, mama," mzee akamjibu. "Ni ya kitambulisho tu."

Hapo ndipo akalegeza mabega. Mimi nilijua kwa nini aliuliza.

Katika Hali ya Hatari ya wakoloni, mama na majirani zake walihamishwa kutoka kwenye mabonde yao upande wa Tetu wakasongamanishwa katika kijiji kimoja, nyumba bega kwa bega, handaki pande zote, miti iliyochongwa imesimikwa chini yake. Nimeangalia vitabu: amri ya vijiji ni ya 1954. Mama hakuhesabu kwa miaka. Alihesabu kwa filimbi. Filimbi ya asubuhi ya kwenda kazi ya kulazimishwa, filimbi ya ile saa moja tu ya kuchota maji na kuchimba viazi, filimbi ya kurudi ndani. Ukitaka kwenda popote, hata kwenye mazishi ya ndugu ng'ambo ya mto, ulitafuta karatasi yenye sahihi. Kaka yangu, niliyemfuata, alishikwa na homa akiwa na miaka miwili. Mama aliomba karatasi ya kumpeleka hospitali ya misheni. Siku ya kwanza aliambiwa asubiri. Siku ya pili aliambiwa asubiri. Siku ya tatu karatasi ilitoka, lakini mtoto alikuwa amekufa alfajiri. Aliihifadhi. Nimeiona: kipande kidogo kuliko kiganja, wino umekuwa kahawia, kinamruhusu mwanamke mmoja na mtoto mmoja kutoka na kurudi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo Machi 2020, tuliposikia kwamba kuanzia tarehe 27 hakuna kuonekana nje baina ya saa moja usiku na saa kumi na moja alfajiri, sisi wengine tulishtuka. Mama, aliyekuwa na miaka karibu 88, hakushtuka. Aliinuka, akaingiza kuni ndani, akajaza maji kila chombo alichokuwa nacho, akaketi. Nilimweleza kwamba hii ni ya kutulinda na ugonjwa, kwamba anayesoma takwimu kwenye televisheni kila alasiri ni Mutahi Kagwe, mtoto wa hapa Nyeri tuliyempeleka Seneti wenyewe. Alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Wamesema itaisha lini?"

Swali hilo ndilo lililotuchosha. Watu wa huku wanavumilia. Barakoa tulivaa; faini yake ilikuwa shilingi 20,000, na nani alikuwa nazo? Matatu ya viti 14 ilibeba wanane, nauli ikapanda, tukalipa. Lakini hakuna aliyejua mwisho. Kila hotuba ya rais tuliisubiri kama matokeo ya mtihani, na kila mara siku ziliongezwa: 21, halafu 21 tena, halafu 30. Aprili 6 wakafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi, na kizuizi cha upande wetu kikawa darajani Chania, pale Thika. Shehena iliruhusiwa, abiria hapana. Kabichi za Karatina zikapita na mwenye kabichi akarudishwa. Jirani yangu alikuwa na mume Kayole, Nairobi, na watoto huku. Miezi mitatu walionana kwenye simu tu. Kizuizi kilipoondolewa Julai, mume alishuka kwenye matatu hapa steji na mtoto wake mdogo akamkimbia, hakumjua kwa barakoa.

Hasira zilikuwepo, na zilikuwa za haki. Aliyechelewa dakika kumi kutoka shambani alichapwa fimbo na polisi barabarani, mtu mzima mbele ya watoto wake, na tulioona hatukusema neno. Nanyuki vibanda vya vinyago pale kwenye ikweta vilifungwa. Wapagazi wa mlima kule Naro Moru, mmoja wao mwanafunzi wangu wa zamani, walirudi kupanda viazi. Ndege za kimataifa ziliporuhusiwa tena Agosti mosi, mwanafunzi huyo alipanda hadi lango la hifadhi kila siku kwa wiki mbili na buti zake zimepakwa rangi. Hakukuwa na mgeni wa kumpokea.

Mzee wa picha aliweka tenki ya maji yenye mfereji nje ya mlango, na sabuni ya kipande ndani ya soksi. Hakuna aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. "Watu wamekatwa miguu," aliniambia. Alijipanga upya kama alivyojipanga siku zote: mkewe akashona barakoa, mwanawe akaleta printa. Chanjo zilipofika Machi 2021, wazee na walimu tulidungwa ile ya AstraZeneca iliyotengenezwa India, na waliohitaji cheti cha karatasi walikwenda kukitoa kwake. Dozi ya pili ikachelewa kwa sababu India ilizuia shehena. Wiki nane zikawa kumi na mbili. Nilimkuta siku moja akikitazama cheti kwenye mwanga wa dirisha kama alivyokuwa akizitazama filamu. Akauliza kama hicho ndicho kitakuwa koti jipya. Nikamwambia huenda. Kumbe hata koti hilo halikutosha: Ulaya ilitoa cheti chake cha safari Julai mwaka huo na nchi zake kadhaa zikaikataa chanjo iliyotengenezwa India, ambayo dawa yake ni ile ile ya AstraZeneca ya kwao. Uingereza nayo ilituletea chanjo kwa ndege, zaidi ya dozi 400,000, halafu kwa wiki kadhaa haikutambua vyeti vya waliodungwa Kenya.

Uingereza naijua kwa sababu binti yangu ni muuguzi kule Leicester. Alikwenda 2018. Picha ya pasipoti yake ilipigwa kwenye ukuta ule.

Aprili 9, 2021, Kenya iliwekwa kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, na Kenya nayo ikajibu kwa masharti yake. Maana yake nyumbani kwetu ilikuwa hivi: binti angeweza kuja, lakini akirudi angefungiwa hotelini siku kumi, kwa paundi 1,750, zaidi ya shilingi 260,000, na siku hizo kazini angekosekana. Orodha ilipitiwa upya kila wiki tatu. Kila wiki tatu alipiga simu. "Mama, labda safari hii." Mara ya kwanza nilinunua kuku. Mara ya pili sikununua.

Mama alifariki Juni. Sheria ilitaka mazishi ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50. Katika nchi yetu mtu wa miaka 89 anazikwa na watu wa kilima kizima, na sisi tulisimama tukihesabiana kama mifugo, mimi nikiwaambia wajukuu wa shangazi yangu, walioshuka kwa miguu kutoka kilimani, wabaki nje ya ua. Sijajisamehe kwa hilo. Binti yangu alikuwa kwenye simu ya mpwa wake, imeinuliwa juu. Mtandao ulikatika wakati wa kushusha jeneza. Uliporudi, alikuta tunatia udongo. Nilimsikia akiita, "Subirini, subirini kidogo," na nyuma yake kengele za wodi zikilia, maana alikuwa ameingia chooni kazini ili amzike nyanya yake.

Mzee wa picha alifunga mwezi uliofuata. Alipata ugonjwa, akapona, lakini pumzi haikurudi kama zamani; mwanawe akauza printa. Naye ameshatangulia.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, uwanjani Wang'uru, kule Mwea, mbele ya mashamba ya mpunga, siku ya Mashujaa. Nilikuwa peke yangu mbele ya televisheni. Umati ulishangilia kabla rais hajamaliza sentensi. Nilihesabu kwa vidole: Hali ya Hatari ya mama ilitangazwa Oktoba 20 pia, 1952. Sijui kama aliyepanga sherehe alilifikiria hilo. Usiku ule nilitoka nje saa tano, nikatembea hadi barabara ya lami na kurudi, bila sababu yoyote.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kenya ilikuwa imeshatolewa kwenye orodha nyekundu Septemba, ikaja Omikroni, watu wakaogopa tena. Machi 2022 barakoa zikaondolewa, Aprili binti akaja, akakaa kaburini kutoka asubuhi hadi jua kali. Sasa vijana wanapanga foleni kutafuta kazi Ghuba na Ujerumani, na hawataki kusikia habari za wakati ule. Tenki zenye mifereji zimeng'olewa au zinafugiwa viluwiluwi vya mbu.

Siku ile ya tingatinga, mwana wa mzee alikuwepo akiokota mabati. Alinitambua, akaingia kwenye gari lake akatoka na mkebe wa biskuti, akaniuliza kama mimi mwalimu naweza kuwajua baadhi ya watu wa picha zilizomo. Tuliufungulia nyumbani mezani. Mjukuu wangu alizipanga picha kwa safu, akazigeuza moja moja akisoma nyuma. Pune. Texas. London. London. Nyingine zimeandikwa jina tu. Koti lile lile, uso tofauti.

Ndipo nikaenda chumbani nikaleta karatasi ya mama, nikaiweka mwisho wa safu. Akaisoma polepole kwa kidole, akafika palipoandikwa mtoto mmoja.

"Huyu mtoto ni nani, shosho?"

Nikavuta kiti, nikaketi karibu naye, nikaanza.