Treni za Makopo za Unga Limited

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kopo tupu pale Unga Limited, Arusha, lilikuwa na wagombea watatu. Mama alilitaka la kupimia unga, fundi bati alilitaka la kutengenezea koroboi, na sisi watoto tulilitaka liwe kichwa cha treni. Mara nyingi tulikuwa wa mwisho kwenye foleni, na foleni ndiyo ilikuwa desturi ya nchi nzima: sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni. Kopo la maziwa ya unga, kopo la samaki, kopo la dawa ya mbu, kila moja tulijua liko nyumba gani na limebakiza siku ngapi. Tulikuwa wapelelezi wa majiko ya watu.

Kwa nini treni? Kwa sababu ndiyo iliyopita. Mtaa wetu umepata jina kutokana na kiwanda cha unga, na reli ilikuwa jirani. Ilikuwa imetoka mbali. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911, na Waingereza ndio walioifikisha Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963 ikaunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, ndipo mtu wa Arusha akaweza kupandia hapa na kushukia Dar es Salaam. Hayo ya miaka tuliyasoma tukiwa wakubwa. Utotoni tulijua majina ya stesheni, nayo tuliyakariri vizuri kuliko jedwali la kuzidisha: Moshi, Kahe, Same, Mkomazi, Mombo, Korogwe.

Kichwa kilianza na kopo refu la dawa ya mbu, lililolazwa na kufungwa kwa waya juu ya kipande cha ubao. Magurudumu tuliyakata kwenye ndala iliyochakaa. Kizibo cha soda kiligandamizwa kwenye raba hadi kikaacha alama ya duara, kisha wembe ukafuata alama. Ekseli ilikuwa spoku ya baiskeli. Kazi ngumu ilikuwa kutoboa. Msumari uliwekwa kwenye makaa ya jiko hadi ukawa mwekundu, ukashikwa kwa koleo, au kwa kitambaa kilicholoweshwa kama koleo halipo, ukasukumwa katikati ya raba. Harufu ya ndala inayoungua iliingia kwenye mboga, na hapo ndipo kesi zilipoanza. Tundu likikaa pembeni kidogo tu, gurudumu lilipepesuka na treni nzima ikatembea kama bata.

Mabehewa yalikuwa maboksi ya viatu, yaliyokatwa madirisha kwa wembe uleule. Wadogo zetu, ambao hawakuruhusiwa kugusa moto, waliunga viberiti vitupu kwa uzi na kuviburuta. Kulabu za kuunganishia zilikuwa za waya, na ilikuwa lazima zifunguke. Treni isiyoweza kuacha behewa njiani hatukuihesabu kuwa treni.

Lakini treni yenyewe ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine, tena iliyotupendeza zaidi, ilikuwa njia. Vumbi la Arusha ni laini, la majivu ya volkano ya Meru, na likinyunyiziwa maji kidogo linashika umbo. Tulijenga tuta, tukachora reli mbili kwa kijiti chenye ncha mbili, tukapanga vijiti vya mataruma. Palipokuwa na mfereji tulitega daraja la mabanzi. Kila mtoto alikuwa na stesheni yake. Kaka zetu wakubwa walichukua Dar es Salaam na Tanga bila kumuuliza mtu. Mimi nilipewa Mkomazi, kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Mzee mmoja aliyefanya kazi stesheni alipita siku moja akakuta treni zetu mbili zimegongana. Hakucheka. Alichuchumaa akatueleza kwamba kwenye njia moja dereva haondoki mpaka apewe ruhusa ya kipande kinachofuata, na anayetoa ruhusa ni stesheni masta, hata kama dereva ni mkubwa wake kwa umri. Kuanzia hapo tukawa na pete za waya. Anayetaka kutoka Same kuja kwangu alipewa pete, akifika Mkomazi ananirudishia. Mwenye Dar es Salaam, pamoja na ubabe wake wote, alisimama Mkomazi akanisubiri nimalize kula. Tulibeba mizigo ya kweli: punje za mahindi kwenda chini, buni kavu zilizookotwa, chumvi ya mawe kupandisha. Masika yakija, njia yote ilisombwa usiku mmoja na kazi ikaanza upya, na kila mwaka ilijengwa tofauti, kwa sababu kila mwaka kulikuwa na ugomvi mpya juu ya nani apewe Korogwe.

Treni ya dukani niliiona mara moja tu utotoni, kwenye nyumba ya Wahindi mjini, karibu na Mnara wa Saa, nilikotumwa kupeleka mayai. Ilikuwa ya Hornby, jina ambalo kiwanda kimoja cha Liverpool kilianza kuuzia treni za kuchezea mwaka 1920. Ilikuwa juu ya meza, reli zake zina nafasi ya milimita 16.5, umeme wa volti 12 unapita kwenye reli zenyewe na kuingia kwenye mota kwa magurudumu. Kijana wa pale, wa rika langu, alinionyesha yote hayo kwa fahari, naye alikuwa na haki ya kujivuna. Nilisimama nikaitazama ikizunguka. Nikamuuliza inakwenda wapi. Akasema haiendi mahali, inazunguka. Nilirudi nyumbani nikiwa na wivu wa mota, lakini si wa njia. Yetu ilifika Korogwe.

Ni huko Ulaya na Marekani ambako mchezo huu umekuwa shughuli ya watu wazima, wenye vyama, majarida na maonyesho, na wengine wametumia nusu ya maisha kujenga bonde zima kwenye chumba cha chini cha nyumba. Nimeona picha za mabingwa wa Uingereza walioziunda hata garati za kwetu, vile vichwa vikubwa vya treni vya mvuke. Hizo garati zina kisa kinachonikera hadi leo. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda garati 34 za daraja la 59 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikiwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na zikapewa majina ya milima yetu. Moja iliitwa Mount Meru. Lakini zilikuwa nzito mno kwa reli nyepesi za upande wetu. Kazi yao ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kwa hiyo garimoshi lililobeba jina la mlima unaotukabili kila asubuhi halikuwahi kuuona. Mbili zilizosalia ziko Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai uko mkoani kwetu, kando ya Ziwa Natron, na Shengena uko Upareni. Nilipozitembelea nilipanda hadi alipokaa dereva, nikaelewa kwamba kopo la dawa ya mbu lilikuwa limekosea kwa jambo moja tu: garati ina seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma, na bwela limening'inia katikati.

Kisha treni ya abiria ikaacha kuja Arusha. Haikuzimwa kwa tangazo kubwa. Safari zilipungua, zikachelewa, zikakoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977 na kila nchi ikabaki na reli yake na madeni yake. Barabara ya lami ikawa na mabasi ya kutosha, na reli ikaachiwa nyasi. Watu walianika mahindi kwenye mataruma. Sehemu nyingine njia ya miguu ilipita katikati ya reli, sawa kabisa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kukwepa kitu.

Jambo nililoliona wakati huo, na ambalo sijawahi kuliona limeandikwa, ni jinsi watoto walivyofuata. Hakuna aliyewakataza kuunda treni. Ziliondoka tu. Wadogo zetu wa miaka ya 1990 waliunda mabasi, kwa sababu mabasi ndiyo yaliyopita. Scandinavia, Dar Express, kila mtaa ulikuwa na shabiki wa kampuni yake. Waya mrefu wenye usukani ukaja juu, mtoto anakimbia nyuma ya basi lake akipiga honi kwa mdomo. Na basi halihitaji stesheni masta. Halihitaji pete, halihitaji kusubiri. Kila mtoto alikimbia na lake, njia ileile tuliyoijenga pamoja ikabaki kiwanja cha mashindano ya mwendo.

Siwadharau. Ufundi ulipanda sana. Vijana wa miaka ya karibuni wanaounda mabasi ya maboksi na ya plastiki ya madumu wanajua mambo tusiyoyaota: kioo cha mbele cha chupa ya maji iliyopashwa moto ikapindwa, taa ndogo zilizong'olewa kwenye mapambo ya Krismasi, mota iliyotolewa kwenye redio ya kaseti iliyokufa, betri ya simu chini ya sakafu. Stika za pembeni huchapwa kwenye duka la steshenari. Nimewahi kushika basi la aina ya Yutong ambalo mlango wake wa buti ulifunguka na ndani mna begi la ukubwa wa kiberiti.

Halafu simu ikaingia. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa mchezo wa kuendesha mabasi unaomruhusu mchezaji kuweka rangi na magari aliyoyabuni mwenyewe. Vijana wetu hawakuchelewa. Mabasi ya Tanzania, na rangi zake zote na maneno ya nyuma, yakaanza kukimbia kwenye milima ya Java. Anayetengeneza huwarushia wenzake kwa WhatsApp, wao wanamrudishia kasoro: taa ya kushoto iko juu, mistari ya kampuni hiyo imebadilika tangu mwaka jana. Wanakosoana bila huruma, na kazi inanyooka.

Mwezi Oktoba 2020 treni ya abiria ilirudi Arusha, baada ya takribani miongo mitatu. Nilikwenda stesheni. Wazee walipiga picha na watoto, watoto walipiga picha na kichwa cha dizeli, na kwa majuma kadhaa niliona maboksi yenye madirisha mengi yakiburutwa tena mitaani. Nilidhani tumerudi. Lakini mwaka 2024 reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwenye simu za watoto wote akaingia mgeni mwingine: mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua ndefu.

Mpwa wangu, anayesoma sekondari hapa mjini, ameunda mchongoko mzima. Hajawahi kuuona kwa macho. Ametumia picha na video alizopakua, akapima kwa rula kwenye kioo cha simu, akachagua kipimo cha 1 kwa 20. Akanieleza bila kubabaika kwamba kwa kipimo hicho reli ya kisasa, ambayo ni milimita 1,435, inakuwa karibu 72, na yetu ya mita moja inakuwa 50, kwa hiyo hawezi kuziweka kwenye meza moja bila kujenga reli mbili. Sisi tulikuwa tunaunda kilichopita mlangoni. Yeye anaunda kilichopita kwenye kioo, na kwa usahihi ambao mlangoni hatukuufikia. Kama chombo, treni yake inaishinda yangu mbali. Kama reli, nasema bila haya, tulimshinda: yake ina urefu wa meza na haina pa kwenda. Nilipomwambia hivyo hakununa. Aliniuliza:

"Sasa mjomba, behewa lenu la daraja la pili lilikuwa na madirisha mangapi upande mmoja?"

Nikamweleza niliyoyakumbuka: vitanda vinavyokunjwa, beseni dogo la kunawia, dirisha la kuteremshwa. Akaandika. Kisha akauliza urefu, upana, rangi ya chini na rangi ya juu, na umbali kati ya magurudumu. Anataka kuijenga njia ya Tanga hadi Arusha, kwanza kwenye kompyuta, baadaye kwa mbao, stesheni kwa stesheni, na wenzake wawili wamekubali kuchukua Mombo na Korogwe. Mchongoko una picha elfu. Behewa lililowabeba wazazi wetu kwa miongo kadhaa amelipatia picha mbili, zote zenye ukungu, na katika moja harusi imesimama mbele yake.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wa Arusha, Moshi, Same, Korogwe na Tanga, hasa nyinyi mliofanya kazi reli au mliozaliwa na waliofanya. Fungueni masanduku. Picha yoyote yenye behewa au stesheni nyuma ya watu, tiketi ya kadi ngumu, ratiba ya zamani, daftari la mafundi wa karakana lenye vipimo: msivichome, na msiwauzie wakusanya chuma na makaratasi. Vipigeni picha, andikeni mahali na mwaka mgongoni, kisha mpeni kijana wa jirani anayekata maboksi. Na ukikuta picha ya Mkomazi, nitafurahi kuiona mimi mwenyewe kwanza.