Vipanga Tuliowajua na Vipanga Waliotupita

Nilipoanza kufundisha shule ya msingi wilayani Kilosa, katikati ya miaka ya 1980, kumjua mtoto mwenye akili hakukuhitaji mjadala. Siku ya kufunga shule majina yalibandikwa ukutani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na shauri likaishia hapo. Walioshika nafasi tatu za juu walikuwa vipanga. Walioburuza mkia walikuwa vilaza. Wa katikati, ambao ndio wengi, hawakuwa na jina. Mzazi naye alikuwa na swali moja tu la kumuuliza mwanawe: "Umekuwa wa ngapi?"

Hali ya nchi ndiyo iliyotufikisha hapo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta Elimu ya Msingi kwa Wote, na watoto wakaandikishwa kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Shule ya kijijini ingeweza kumaliza mwaka bila kupeleka hata mtoto mmoja kidato cha kwanza. Mkoani kwetu Morogoro kulikuwa na Mzumbe ya wavulana na Kilakala ya wasichana, ambazo leo zinahesabiwa pamoja na Ilboru, Kibaha, Msalato na zile za Tabora kuwa sekondari za vipaji maalumu. Mtoto akichaguliwa kwenda mojawapo, kijiji kizima kilijua, na mwalimu wake wa darasa la saba alisalimiwa kwa heshima mpya.

Basi kazi ya mwalimu ikawa kutafuta wawili watatu wanaoweza kupenya na kuwasukuma. Waliketishwa mbele, wakabakizwa jioni kwa masomo ya ziada, na daftari zao ndizo zilizosahihishwa kwanza. Mtihani ulikuwa chekeche, nasi tulizoea kuamini kwamba kilichobaki juu ndicho chenye thamani.

Chekeche hilo lilikuwa na upendeleo wake. Lilimpenda mwenye mwandiko mzuri, mwenye kumbukumbu, mtiifu, anayetoka nyumba inayozungumza Kiswahili na yenye mafuta ya taa ya kutosha. Mtoto aliyekuja shuleni na Kikaguru au Kimaasai alitumia miaka miwili ya kwanza kuelewa tu anachoambiwa, na wakati huo jina lake lilikwisha zoea kukaa chini ya orodha. Wengine tuliwaeleza kwa maneno ya ofisi ya walimu: huyu mbishi, yule mtundu, huyu mjuaji, yule mtoro. Tulisema hayo kama tunaeleza tabia, na mara nyingi hatukuuliza kinachoizaa.

Nakumbuka mvulana mmoja wa darasa la nne ambaye daftari lake la Hisabati lilijaa mikasi ya kalamu nyekundu ingawa majibu yake yalikuwa sahihi. Alikuwa anakosa kwa kutoonyesha njia. Siku moja aliandika kwamba 48 mara 25 ni 1,200, basi, hakuna mistari ya kuzidisha wala kubeba. Mwalimu wake alidhani amenakili. Alipoitwa mezani akaeleza kwamba 48 ni 12 mara nne, na 25 nne ni mia moja, kwa hiyo ni 12 mara mia. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alikuwa na umri wa miaka kumi, na katika mtihani wa muhula hakuwemo hata kwenye ishirini bora, kwa sababu Maarifa ya Jamii na Sayansi zilihitaji kukariri na yeye hakupenda kukariri.

Nchi yetu ilikuwa na funzo kubwa kuliko la mvulana huyo, na lilikuwa limekwisha andikwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Aliwahi nafasi kwenye jokofu kwa kuweka maziwa yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza kwa nini, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na swali lake likageuzwa utani: hiyo si fizikia ya dunia, ni ya Mpemba. Hakunyamaza. Daktari Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipozuru shule hiyo, Mpemba alisimama akauliza huku wenzake wakicheka. Osborne alirudi kwenye maabara, jaribio likarudiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo, wakiliita kwa jina la Mpemba. Habari hii huwa tunawasimulia watoto ili wapende sayansi. Wanaopaswa kuisikiliza kwanza ni walimu.

Miaka ya 2000 ilikuja na mabadiliko yaliyofanya kuwaona watoto wa namna hii kuwe kugumu zaidi. Ada ilipofutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, madarasa yalipanuka na mikondo ikaongezwa. Ilikuwa neema kwa watoto waliokuwa mitaani na mashambani, na mzigo kwa mwalimu mwenye chaki na ubao mmoja. Kisha mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukawa wa kuchagua jibu, unaosahihishwa kwa kompyuta. Hata Hisabati ikawa ya kutia weusi kwenye herufi. Baadaye maswali machache ya kuonyesha kazi yalirudishwa, lakini mafundisho yalikuwa yamekwisha fuata mtihani. Asubuhi ikawa ya mitihani ya miaka iliyopita, mchana ikawa ya kuisahihisha. Mtoto mwenye fikra zake hakuwa na mahali pa kuziweka katika mraba wa A hadi E.

Badiliko lenyewe, kwetu, halikuanzia wizarani. Lilikuja na mwalimu mwenzetu aliyehamia shule niliyokuwa nikifundisha mjini Morogoro, baada ya kusomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Sisi tulidhani elimu maalumu ni ya wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili tu. Katika kikao cha taaluma alituambia kwamba mwenye kipawa naye ana mahitaji maalumu, kwa sababu asipopata kazi inayomtosha anachoka, anavuruga darasa au anaacha shule. Mwalimu mkuu akamuuliza, "Kwani hao si ndio wale wa kwanza hadi wa tatu?" Akajibu kwa upole, "Baadhi yao, Mwalimu. Wengine nimewakuta kwenye orodha ya adhabu."

Alitueleza habari ya Lewis Terman, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliyeanza mwaka 1921 kukusanya watoto wa California wenye alama za juu sana katika jaribio la akili ili awafuatilie maishani. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa kwa kuwa alama zao hazikufika: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968. Kisha akatuchorea ubaoni duara tatu za Joseph Renzulli, aliyeandika mwaka 1978 kwamba kipawa kinaonekana pale vitu vitatu vinapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na moyo wa kushikilia kazi. Mtihani wetu ulikuwa ukigusa duara moja tu, tena nusu yake.

Hakutuletea fomu. Alituomba kila mmoja awe na daftari dogo na kila wiki achague watoto wachache wa kuwatazama, kwa kuwa kuwatazama wote tisini kwa mpigo hakuwezekani. Tusiandike alama. Tuandike mtoto aliuliza nini, alikwama wapi, akafanya nini alipokwama, na anachekea nini. Neno la mwisho lilituchekesha wenyewe, lakini lilikuwa na maana: mtoto anayedaka mzaha wa watu wazima au anayetunga kitendawili chake mwenyewe anaonyesha kitu ambacho hakuna jaribio la wiki litakalokipima.

Madaftari yale yalianza kuzungumza. Binti mmoja wa darasa la tano, mkimya, wa nafasi ya thelathini na kitu, aliuliza katika somo la Sayansi: kama mmea hauishi bila mwanga, mbona uyoga unaota chini ya magogo gizani? Jibu la zamani lingekuwa kwamba hilo halimo kwenye mada. Safari hii mwalimu alimwambia akatafute magogo, achunguze, kisha alete habari. Alirudi na maelezo ya kurasa mbili, na hoja kwamba uyoga lazima unakula gogo lenyewe. Alikuwa amefika mwenyewe kwenye sababu mojawapo inayofanya uyoga usihesabiwe kuwa mmea. Mvulana mwingine, mwenye kigugumizi, ambaye hakuwahi kunyoosha kidole, aligundulika kwa magari yake ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu kweli. Na mtoro mmoja alikuwa akiuza karanga kituo cha mabasi, akikokotoa chenji na faida haraka kuliko sisi.

Kitu kimoja kilijirudia katika kurasa zote: kipawa kilionekana siku ambazo kazi ya darasani iliacha nafasi. Swali la "6 mara 4 ni ngapi" lilionyesha nani anajua jedwali. Tulipoligeuza tukasema "Jibu ni 24, tunga maswali mengi uwezavyo", darasa liligawanyika kwa namna mpya kabisa. Wa kwanza wa siku zote alitunga manne akaishiwa. Mtoto wa dawati la nyuma alileta sehemu, asilimia, eneo la chumba na umri wa bibi yake.

Kuwatambua hakukutosha, maana desturi ilikuwa imara. Mtoto akimaliza kazi mapema alipewa maswali mengine kumi ya aina ileile, au aligeuzwa mwalimu msaidizi: sahihisha daftari, simamia kelele, futa ubao. Wengine walirushwa darasa, wakajikuta wadogo kati ya wakubwa, wanacheka wanapochekwa. Tulianza taratibu kuwapa kazi yenye kina badala ya kazi yenye wingi: swali moja gumu la wiki nzima, kitabu cha ziada, uchunguzi wa kufanya nyumbani. Kwa wasichana ilibidi tuzungumze pia na mama zao, kwa sababu uchunguzi wa nyumbani haufanyiki kwa mtoto anayeteka maji hadi usiku.

Mpango wa elimu bila malipo ulipoanza Januari 2016, madarasa yalifurika tena, na wapo waliosema sasa mambo ya daftari yamekwisha. Ilikuwa kinyume. Darasa kubwa ndilo linalohitaji zaidi utaratibu wa kutazama wachache kwa zamu, kwa sababu humo mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila mwalimu kumjua kwa jina.

Nimestaafu, na nafurahi kuona serikali nayo imesogea. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika mwaka 2024 unasisitiza stadi na utendaji. Hata hivyo orodha za wa kwanza hadi wa mwisho bado zinabandikwa katika shule nyingi, na wazazi bado wanauliza swali lilelile. Waraka peke yake haubadilishi macho ya mwalimu.

Kwa mwalimu anayeanza kazi Januari ijayo, ombi langu ni dogo. Katika kila andalio la somo weka angalau swali moja lenye majibu mengi. Mtoto akiuliza jambo lisilo kwenye mada, liandike kabla hujalijibu. Na wewe mwalimu mkuu, toa robo saa katika kikao cha taaluma walimu wasomeane madaftari hayo, kama mnavyosomeana matokeo. Hilo halihitaji bajeti wala semina ya hotelini. Shule inayouliza maswali yenye jibu moja tu itaendelea kupata vipanga wa aina moja tu, na nchi itaendelea kuwapoteza wengine wote.